Mabawa ya Mtongani

Kiingilio kilikuwa mia mbili,
mia moja ukikaa chini, kwenye mkeka wa mbele,
na kopo la sarafu nililishika mimi.
Banda la mabati, Mtoni Mtongani,
Februari, jasho linatutoka mpaka kwenye kope,
na kule kwenye runinga nchi nzima imeganda.

Pazi Kidunda ndiye aliyetutafsiria.
Lugha ya filamu ile hakuijua hata salamu.
Alitazama midomo, akatazama macho,
akatupa Kiswahili.
Theluji alianza kwa kuiita unga,
"unga wa sembe, wanangu, huko juu wanapepeta,"
kisha akaona mtu anazama ndani yake hadi kiunoni
akajisahihisha: "Hapana. Hii ni pamba yenye meno."

Wakaja wale.
Arobaini, waliochujwa katika elfu nne,
farasi wamevikwa chuma mpaka puani,
wenyewe ndani ya deraya (neno la bibi yake Pazi,
hatukulijua, tukalimeza hivyo hivyo)
na migongoni mabawa mawili mawili ya manyoya ya tai
yamepinda juu ya kofia zao.

"Hawa," akasema Pazi, akishusha sauti,
"hawali na watu. Mfalme akikohoa,
hawa wameshapanda."
Jemadari akamwita Mwinyi Goha.
Farasi wa jemadari, mweusi tii, akamwita Kangaja.
Na kijana wa mwisho mstarini, ndevu hana,
akampa jina la fundi viatu wetu, Tindwa.
Tindwa mwenyewe alikuwepo.
Akasimama, akatuinamia kwa heshima zote.

Mikuki ikashuka.
Ziwa limeganda, jeupe kama sahani ya wageni,
ng'ambo adui kama ukuta.
Kwato ya kwanza ikainuka

Luku ikaisha.

Feni ilizunguka mara tatu za mwisho, kwa huruma.
"Rudisha hela!" Mtu akapiga bati.
Nikalikumbatia kopo langu.
Na Pazi, gizani, akavuta debe katikati ya magoti,
ti-ti-ti, ti-ti-ti,
"Wanakwenda. Msiniulize picha iko wapi, wanakwenda.
Hamsikii upepo kwenye manyoya?"

"Kwani hawaruki?" Sauti ya mtoto.
"Waruke na chuma kile? Kuku ana nafuu."
"Sasa mabawa ya nini?"
Debe likanyamaza.
"Ya kelele. Ili anayekwenda kufa
asisikie meno yake yanavyogongana."

Kisha akasema barafu imelia,
kama kitanda cha kamba mtu mzito akijigeuza.
Akasema uzito uliowafanya wateule
ndio uliowafungulia maji.
Kumi wakazama na mabawa yamesimama wima,
manyoya yakabaki yanaelea
kama uani kwetu siku ya Idi.
Mwinyi Goha naye. Kangaja kabaki kichwa.
Na Tindwa, wa mwisho mstarini,
akakata kamba za mabawa yake,
akalala kifudifudi juu ya ufa,
akaikamata hatamu.
"Vuteni!" akasema Pazi.
Tukavuta. Watu sitini, gizani, tunavuta farasi.

Mama Zuhura akarudi na namba ishirini kwenye kikaratasi,
umeme ukawaka,
na kwenye runinga walikuwa wameshashinda.
Bendera, tarumbeta, mfalme anatabasamu.
Jemadari mkavu, mabawa yamechanwa
kama nywele za bibi harusi.

"Uongo!" akafoka mtu wa mkekani.
"Tindwa yuko wapi?"
Pazi akaikazia macho runinga.
Pembeni kabisa, nyuma ya hema,
farasi mweusi amesimama bila mtu,
mvuke unamtoka puani.
Pazi akanyoosha kidole.
"Anakausha nguo," akasema.

Siku hizi nafanya kazi chumba cha baridi, Kurasini,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
koti la zamu, si langu,
katoni za samaki mpaka darini.
Mlango ukijifunga nyuma yangu,
kabla sijaanza kuhesabu,
nagonga katoni kwa kifundo cha kidole, mara tatu,
natega sikio.

Msimamizi aliwahi kuniuliza kama kuna panya.
Kwenye baridi hii? nikamjibu.
Panya gani.